Bahari Zilizofunikwa na Barafu: Masahihisho ya Jibu Letu la Salgaa



Darsa ya safari hii tumeiandika kwa sababu ya deni. Anayetudai ni dereva mmoja wa lori, mtu wa Mombasa, ambaye jina lake hatukulishika, na anachotudai ni jibu. Jibu tulilompa lilikuwa la makosa, na tulilitoa mbele ya watu. Basi haitoshi kulitengua faraghani.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumealikwa Eldoret kwa shughuli ya ndoa, na katika kurudi usiku ulitukuta Salgaa. Kwa wasiopajua, Salgaa ni kituo kilichoko katika njia kuu itokayo Nakuru kwendea Eldoret na Uganda, na madereva wa malori yanayochukua shehena kutoka bandari ya Mombasa hupumzika hapo. Jina lake limevuma zaidi kwa ajali za mteremko wa jirani kuliko kwa lolote jingine. Baada ya sala ya Isha ndugu kiasi cha ishirini, wengi wao madereva na matingo, walitutaka tuwasomeshe kidogo. Tukakaa uwanjani baina ya malori, jiko la makaa katikati yetu, maana huko ni nyanda za juu na mtu wa pwani akikaa nje usiku meno humgongana.

Tulisomesha habari ya sala ya msafiri. Tulipofungua mlango wa maswali, dereva huyo akanyoosha mkono kuelekea nyota moja kubwa yenye kung'aa, akasema, "Sheikh, ile si Mshtarii?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Nimesikia redioni kuwa iko miezi inayoizunguka, na mmoja wao nje ni barafu tupu lakini ndani yake mna bahari, yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Jambo hili ni kweli?"

Tukacheka. Tukamwambia, "Mwanangu, mahali palipo mbali na jua kiasi kile maji yote huganda, na kilichoganda hakiitwi bahari. Na ni nani aliyepiga mbizi huko akarudi na habari?" Watu wakacheka pamoja nasi. Yeye hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Lakini Sheikh, maji ya Bogoria hapo mbele yachemka usiku na mchana, na si jua liyachemshalo. Labda na huko kuna moto wa chini." Tukampa jibu la mzaha ambalo twaona haya kuliandika, tukarejea katika mas-ala ya kukusanya sala mbili.

Tuliporudi nyumbani maneno yake hayakututoka. Katika halaka yetu yumo kijana anayesomesha sayansi katika shule ya sekondari; tukamwomba atutafutie habari hizi zilizoandikwa na wenye kuzichunguza, si za mtu aliyesikia kwa mtu. Tumezisoma naye polepole kwa miezi, na pale tusipofahamu tulimwuliza mpaka akachoka nasi. Matokeo yake ni kwamba dereva alikuwa na haki, katika swali lake na katika lile neno la Bogoria, na sisi tulinena tusilolijua.

Na tuanze na lile tulilodhani ni hoja ya kukata maneno: ni nani aliyepiga mbizi? Hoja hii ni dhaifu, nasi tulipaswa kuujua udhaifu wake, kwani kila siku twathibitisha vitu kwa athari zake pasina kuviona. Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hupita karibu na ziwa la Naivasha, kisha lile la Elmenteita. Maziwa haya mawili yote hayana mto unaotoka. Elmenteita, kama maziwa mengi ya Bonde la Ufa yasiyo na njia ya kutokea, maji yake ni ya magadi, kwa sababu jua huyapandisha maji kuwa mvuke na kuacha chumvi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Lakini Naivasha maji yake ni matamu. Chumvi yake yaenda wapi? Wenye elimu ya ardhi walijibu kuwa ziwa lile lavuja chini kwa chini, na maji yakitoka huchukua chumvi pamoja nayo. Hakuna mtu aliyepita katika njia hizo za chini; zilijulikana kwanza kwa ladha ya maji yaliyobaki juu. Tumelitaja jambo hili mapema kwa kuwa bahari za miezi ile nazo zimejulikana kwa njia ya namna hii, na mojawapo imejulikana kwa ladha hasa, kama tutakavyoeleza.

Kuhusu baridi tulikuwa sawa. Mshtarii iko mbali na jua kiasi cha kilomita milioni 778, na mwanga wa jua ufikao huko ni sehemu moja tu katika 27 ya huu wetu. Mwezi aliouuliza yule ndugu waitwa Europa, nao ni mmoja wa ile minne aliyoiona Galileo Galilei kwa darubini yake mwezi wa Januari 1610. Ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu. Uso wake ni barafu yenye nyufa ndefu, na hata katikati yake, panapopata jua zaidi, baridi hufika nyuzi 160 chini ya sifuri. Maji yaliyo wazi hayawezi kudumu huko hata kidogo. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba joto lina mlango mmoja tu, nao ni jua.

Yumkini yule dereva angetufahamisha mlango wa pili lau tungemwacha aseme, kwani aujua kwa kiganja chake. Lori likisimama Salgaa, dereva au tingo huzunguka na kuyapapasa matairi. Tairi lililopungua upepo huwa la moto kuliko mengine, ingawa yote yametoka safari moja na kupita lami moja. Sababu yake ni kuwa tairi legevu hubonyea sana kila linapogusa chini, kisha hurudi umbo lake linapoinuka, na kwa kila saa hufanya hivyo mara maelfu. Mpira uliokandwa namna hiyo hutoa joto ndani ya mwili wake wenyewe, hata huweza kuwaka moto.

Sasa na tuutie mfano huu katika mambo ya pwani. Kujaa na kupwa kwa maji hatuhitaji kufundishwa. Mvuvi ajua kuwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na baina yake huja maji mafu. Abu Maashar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika mlango mrefu juu ya mwezi na mawimbi haya. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mvuto ule hauishiki bahari peke yake. Hata ardhi kavu tukaayo juu yake hupanda na kushuka kila siku, kwa kiasi kinachoweza kufika sentimita 30, nasi hatuhisi kwa kuwa nyumba na miti yote hupanda pamoja.

Huo ni mvuto wa mwezi wetu, ulio mdogo kuliko dunia. Europa yavutwa na Mshtarii, ambayo uzito wake ni kama wa dunia zetu 318. Lau ingelikuwa yaizunguka kwa duara lililo sawasawa, ingelivutwa kwa kipimo kimoja daima, nayo ingelitulia katika umbo moja kama tairi la lori lililosimama. Lakini duara lake limerefuka kidogo: mara iko karibu, mara iko mbali, na kila mzunguko wachukua siku tatu na nusu. Ikikaribia hunyooshwa, ikienda mbali hulegea. Ni kule kukandwa kwa tairi, ila hapa kinachokandwa ni mwezi mzima.

Tulimwuliza kijana wetu kwa nini duara hilo lisijisawazishe kwa muda mrefu uliopita, maana kila kinachokandwa hupoteza nguvu. Jibu lake lilitufurahisha kuliko mengi. Miezi mitatu ya Mshtarii imefungamana katika mwendo wake: Ganymede ikizunguka mara moja, Europa huzunguka mara mbili, na Io mara nne. Kwa hiyo hukutana mahali pale pale kila mara na kusukumana upande ule ule, kama mtu anayemsukuma mtoto katika pembea kila anaporudi. Msukumo ni mdogo, lakini hauachi pembea isimame.

Na jambo hili halikutungwa baada ya kuonekana. Mwaka 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walihesabu na kuandika kuwa Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii, kwa kukandwa huku lazima ndani yake uwe umeyeyuka, na huenda ikaonekana milima ya moto. Maandishi yao yalichapwa tarehe 2 Machi. Tarehe 5 Machi chombo kiitwacho Voyager 1 kikapita hapo na kupiga picha, na siku chache baadaye bibi mmoja katika wahandisi wake, Linda Morabito, akaona katika picha moja wingu limesimama ukingoni mwa mwezi ule. Ulikuwa moshi wa mlima wa moto. Mtu akitabiri kwa hesabu, kisha jambo likatokea ndani ya wiki moja, ni uzito kumwambia kuwa anacheza.

Europa iko mbali zaidi na Mshtarii kuliko Io, kwa hiyo yakandwa kwa nguvu ndogo. Haikuyeyuka mawe yote, bali joto lake latosha kuzuia maji ya chini yasigande. Barafu yenyewe husaidia kuyahifadhi. Wauza samaki walijua tangu zamani kufunika barafu kwa magunia na maranda ya mbao ili joto la nje lisiingie. Huko mambo yamegeuka: barafu ndiyo gunia, na kinachozuiwa ni joto la ndani lisitoke upesi. Na kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, huelea juu na kuwa kifuniko; lau ingelikuwa nzito ingelizama, na bahari ingeliganda kuanzia chini.

Haya yote yathibitisha kuwa bahari yaweza kuwapo. Je, ipo? Hapa ushahidi ulikuja kwa njia ambayo manahodha wataipenda, kwani ni ya dira. Mshtarii ina sumaku kubwa, na sumaku hiyo imelala mshazari kidogo. Sayari inapojizungusha, nguvu ya sumaku ifikayo Europa hugeuka upande na kurudi kila saa 11 hivi. Sumaku inayogeukageuka ikipita katika kitu kinachopitisha umeme, huamsha umeme ndani yake, na umeme ule huzaa sumaku nyingine iipingayo ile ya kwanza. Barafu haipitishi umeme kwa kiasi hicho. Maji ya chumvi hupitisha.

Chombo kiitwacho Galileo kilifika Mshtarii mwaka 1995 kikiwa na dira iliyosimamiwa na Bibi Margaret Kivelson na wenziwe wa chuo kikuu cha Los Angeles. Walipopita karibu na Europa waliona sumaku ndogo ya mwezi ule. Lakini ilikuwa yake ya asili, au ni mwitikio tu wa sumaku ya Mshtarii? Wakangojea mpaka Januari 2000, chombo kilipopita wakati sumaku ya Mshtarii imeelekea upande wa pili. Lau ya Europa ingelikuwa ya asili, isingelibadilika. Ikageuka pamoja nayo. Basi chini ya ile barafu pana kitu kilichoenea mwezi mzima kinachopitisha umeme kama maji ya bahari, na mpaka leo hakuna maelezo mengine yenye nguvu kuliko haya. Wakadiriao wasema barafu ina unene wa kilomita 15 mpaka 25, na bahari ina kina cha kilomita 60 mpaka 150, ilhali kilindi kirefu kuliko vyote katika bahari zetu hakifiki kilomita 12. Kwa makadirio hayo maji yake ni kama maradufu ya bahari zetu zote. Ndivyo alivyosema dereva.

Ikawa tungeweza kusimama hapa, deni limelipwa. Lakini katika kusoma tulikuta mwezi mwingine ambao ushahidi wake ni mkubwa zaidi, nao waturudisha Bonde la Ufa kwa njia tusiyoitazamia.

Mwezi huo ni wa Zohali, waitwa Enceladus, na uligunduliwa na William Herschel mwaka 1789. Ni mdogo sana: kutoka ubavu mmoja hata wa pili ni kilomita 500 hivi, kama mwendo wa lori kutoka Mombasa mpaka Nairobi na kupita kidogo. Kitu kidogo kiasi hicho kilidhaniwa kimekufa kwa baridi zamani. Mwaka 2005 chombo kiitwacho Cassini kilipita karibu nao, na dira yake ikaonyesha kuwa kuna kitu kinachoizuia na kuipinda sumaku ya Zohali kuzunguka mwezi ule, kama kwamba una hewa. Bibi Michele Dougherty, aliyesimamia dira hiyo, akawashika wenziwe mpaka wakakubali chombo kipite karibu zaidi. Mwezi wa Julai mwaka huo kikapita kwa umbali wa kilomita 173 tu. Kumbe katika ncha ya kusini mna nyufa nne ndefu, na humo hutoka mvuke na vumbi la barafu, ukifoka mamia ya kilomita angani. Mmoja katika miduara ya Zohali, ule ulio mpana na mwembamba, umefanywa na vumbi hilo hilo.

Basi hapakuhitajiwa kupiga mbizi. Bahari ilijitokeza yenyewe, na chombo kikapita katikati ya ule mfoko mara kadhaa, kikionja.

Kabla ya ladha, neno moja juu ya ukubwa wake. Ukitaka kujua kama yai ni bichi au limechemshwa bila ya kulivunja, lizungushe mezani: lililochemshwa huzunguka vizuri, na bichi hutikisika, kwa kuwa ganda halikushikana na kilicho ndani. Mwaka 2015 wataalamu walitazama picha za miaka mingi wakaona kuwa Enceladus hutikisika katika kuzunguka kwake zaidi ya vile ambavyo kitu kilichoganda chote kingetikisika. Ganda lake la barafu halikushikana na mwamba wa katikati. Maana yake bahari ile si ziwa la upande wa kusini tu, bali yauzunguka mwamba wote.

Ama ladha yake: vumbi la barafu lilikutwa lina chumvi, hii ya kupikia, na pamoja nayo magadi. Ndiyo, magadi yale yale ambayo mama zetu hutia chembe katika kunde ziive upesi, na ambayo yamelipa ziwa la Magadi jina lake. Maji ya Enceladus ni ya aina ya maji ya Nakuru, Elmenteita, Bogoria na Magadi: yenye chumvi, yenye magadi, ya kuteleza mkononi kama yaliyotiwa sabuni. Hapo tulipokuwa tumekaa na jiko letu, tukimcheka mtu kwa kusema kuna bahari mbinguni, mfano wa maji ya bahari hiyo ulikuwa nyuma ya vilima, mwendo mfupi wa gari.

Mfanano huu una faida zaidi ya kustaajabisha. Mwaka 2023 wataalamu wakiongozwa na Frank Postberg wa Berlin walitangaza kuwa katika vumbi lile mna fosfati pia. Fosfati ni kitu kilichomo katika mifupa yetu na katika kila chembe ya kilicho hai, na ndiyo wakulima wainunuayo ndani ya magunia ya mbolea. Katika maji mengi huwa haba, kwa sababu hushikana na chokaa ikazama. Penye magadi mengi chokaa hushikwa na magadi, na fosfati hubaki majini. Jambo hili lilikwisha kuonekana katika maziwa ya magadi ya dunia hii, na ziwa letu la Magadi ni mojawapo katika yaliyotolewa mfano.

Tena vumbi la Enceladus lilikuwa na vichembe vidogo mno vya silika, ambavyo hupatikana maji ya moto sana yaliyokaa na mwamba yanapopoa. Wahandisi wa mvuke huchukizwa nayo, maana hufanya gamba ndani ya mabomba. Kwa hesabu yao maji hayo huko chini hufika nyuzi 90 au zaidi. Na mwaka 2017 ikatangazwa kuwa katika mvuke mna haidrojeni, ambayo nayo hutoka maji moto yakutanapo na mawe. Basi chini ya bahari ile mna chemchemi za maji moto. Lile neno la Bogoria, tulilolifanyia mzaha, ndilo wataalamu walilofikia baada ya miaka kumi na zaidi ya kupima.

Hata hivyo yatupasa kutenga, tusiwe tumetoka katika kosa moja tukaingia jingine. Joto la Bogoria, la Menengai na la Olkaria halitoki katika kukandwa na mwezi. Ni joto la ndani ya dunia yenyewe, na Bonde la Ufa ni mahali ambapo ganda la ardhi lavutwa pande mbili na kuwa jembamba, moto ukawa karibu. Ndio maana Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981. Dereva alipatia katika asili ya neno, kwamba maji yaweza kupashwa moto kutoka chini. Mpashaji wa huko na wa hapa si mmoja.

Sasa lile ambalo watu hulikimbilia: je, mna viumbe? Tumeonyeshwa habari zinazozungushwa katika simu, zenye picha za samaki wa ajabu chini ya barafu. Hizo ni uongo mtupu. Hakuna aliyeona kiumbe huko, hata kidudu kisichoonekana kwa macho. Kilichothibiti ni maji, joto, chumvi na vyakula ambavyo vidudu vya namna fulani wangeweza kuvitumia. Jiko lililowashwa lenye sufuria na mchele kando yake si ushahidi kwamba kuna mtu ndani ya nyumba aliyekula.

Lakini pia hatuwezi kusema kuwa haiwezekani kwa sababu ni kiza. Hoja hiyo iliangushwa mwaka 1977, wakati chombo cha kuzamia kilipoteremka karibu na visiwa vya Galápagos na kukuta, kilomita mbili na nusu chini, chemchemi za moto zilizozungukwa na viumbe tele, ambao asili ya chakula chao ni vidudu viishivyo kwa vitu vitokavyo katika mwamba, si kwa mwanga. Na ukisema magadi yataua, samaki wadogo wa ziwa Magadi huishi katika maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 40 hivi na magadi ya kumchubua mtu ngozi. Wakatwaliwa wakapelekwa ziwa la Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960, na huko wakazaana.

Wako ndugu ambao kila jambo likivumbuliwa huja mbio kusema kuwa lilikwisha kuandikwa katika Kitabu chetu, neno kwa neno. Twawaomba katika hili wasifanye haraka. Unene wa barafu ya Europa wakadiriwa leo kilomita 20, kesho huenda wakapima wakakuta 5 au 40. Mwenye kulifungamanisha neno lisilobadilika na kipimo kinachobadilika amelitia Neno mashakani kwa mkono wake. Na wako wa upande wa pili, ambao tulikuwa miongoni mwao usiku ule, wanaodhani kulinda dini ni kukanusha. Sisi hatukuilinda chochote. Tulimwaibisha mtu aliyekuja kuuliza.

Kuna jambo moja katika habari hizi lililotugusa kwa namna nyingine. Mwaka 2003, chombo cha Galileo kilipokaribia kuishiwa mafuta, wenyewe walikitumbukiza ndani ya Mshtarii kikaungua, na mwaka 2017 Cassini kikafanyiwa vivyo ndani ya Zohali. Waliogopa kisije kikaangukia Europa au Enceladus siku za mbele na kuingiza vidudu vya dunia katika maji yale. Hawajui kama mna kitu kinachoweza kudhuriwa, na wametoa mali nyingi kuwa na hadhari. Nasi twaishi ukingoni mwa bahari tuijuayo yote, yenye samaki tuwalao, na wako miongoni mwetu wanaoelekeza mabomba ya vyoo vyao humo. Haya si katika mas-ala yetu ya leo, lakini hatukuweza kuyapita.

Yatakayofuata tumeyaandika ili msomaji ayakumbuke wakati wake. Vyombo viwili viko njiani. Kimoja ni cha Ulaya, chaitwa Juice, kilirushwa Aprili 2023 na chatazamiwa kufika Mshtarii Julai 2031. Kitatazama zaidi mwezi wa Ganymede, ulio mkubwa kuliko miezi yote, ambao nao wadhaniwa una bahari ndani. Cha pili ni cha Marekani, chaitwa Europa Clipper, kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024, na chatazamiwa kufika Aprili 2030. Hakitashuka. Kitaizunguka Mshtarii na kupita karibu na Europa mara 49, kikipima barafu kwa mawimbi ya redio na kuonja vumbi ikiwa lipo. Kwa hapa hata Europa haijathibiti kuwa yafoka kama Enceladus. Wengine wasema waliona dalili, na wengine wamewapinga.

Ndugu dereva, ikiwa karatasi hii itakufikia: lile swali lako la kwanza, jibu lake ni ndiyo, kwa ushahidi tuliouandika. Neno lako la Bogoria lilikuwa hoja, nasi tuliliita mchezo. Twakutaka radhi, na twawataka radhi waliocheka kwa sababu yetu. Wenzako wanaopita Salgaa na kuisoma karatasi hii hapa mjini tumewaomba wakupelekee nakala, na wakuambie kuwa tutakuwa huko tena baada ya mwezi wa Ramadhani, katika uwanja ule ule, na kwamba zamu ya kwanza ya kuuliza ni yako.